Mtori Dakika na Jani la Isale

Kibosho, 9 Agosti 2009

Dada Monica, shikamoo.

Hilo duara kwenye kona ya juu si chai. Ni Blessing, sasa hivi tu. Nimemlaza mapajani ili nipate mkono wa kuandikia, nikamfungua nepi apate hewa kidogo, akanitazama kama mtu anayefikiria jambo kubwa, akatabasamu, kisha akaikojolea karatasi. Nilitaka kuanza nyingine, nikaona hapana, wewe ndiye uliyeomba nikuandikie kila kitu cha mtoto. Basi na hicho ni chake.

Sisi hatujambo. Primus yuko kule bondeni kwenye kiwanda cha sukari, anapanda huku Jumamosi jioni, anamshika mwanawe kama mtu aliyepewa trei ya mayai. Mama yako, mama mkubwa wa Rau, alikuja juzi na kuku, anasema goti limepoa na anauliza kama wewe bado unakula chipsi usiku. Nimemwambia hapana. Sijui kama nimedanganya.

Uzazi unaendelea vizuri, dada. Mama mkwe hanigusishi jembe wala ndoo. Kabla jua halijatoka nasikia panga lake kwenye migomba ya kihamba, anakata mshale, zile ndizi za mtori. Anajipaka mafuta mikononi zisimwachie utomvu, anazimenya, anazichemsha na nyama ya mfupa mpaka mfupa wenyewe unachoka, halafu anaponda kwa mwiko taratibu huku anaimba nyimbo za kanisani. Akishamaliza analeta bakuli, anakaa kwenye kigoda mbele yangu na haondoki mpaka nimelamba kijiko. Nikisema nimeshiba ananiambia, "Maliza, huyo mtoto anakula kwa mdomo wako." Wakati ninakula ananisimulia mambo ya zamani, alivyozaa Primus wakati wa mvua na baba mkwe akavuka mto na mbuzi mabegani. Nimenenepa mpaka pete ya ndoa haizunguki. Hiyo saa ya bakuli ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mama yangu mzazi alifariki mimi nikiwa darasa la tatu, unajua, sikuwahi kukaliwa kigoda namna hiyo.

Sasa, la muhimu. Padri amesema ubatizo ni Jumapili ya baada ya Krismasi. Nilikutaja wewe kuwa msimamizi wa Blessing na Mama mkwe amekubali bila hata kuuliza mara mbili. Lakini Krismasi tatu hujapanda. Mwaka huu unapanda, au nifanyeje?

Na hizi barua zangu unazifanyia nini? Kwenye simu ulisema unazisoma na watu. Watu gani?

Mdogo wako anayenuka maziwa,
Gladness


Dar es Salaam, 30 Agosti 2009

Mdogo wangu Gladness,

Marahaba. Barua yenye duara nimeibandika ukutani ofisini. Kila anayeingia anauliza, namwambia ni saini ya mtoto wangu wa ubatizo.

Mimi mzima, joto tu. Mwambie mama chipsi nimepunguza.

Umeuliza watu gani. Hapa kwenye kampuni yetu ya matangazo nimepewa kazi ya blogu. Blogu ni kama gazeti la mtu mmoja, ila liko kwenye kompyuta, na msomaji akishasoma anakujibu papo hapo chini yake. Nilianza kwa kuandika habari za mapishi, hakuna aliyenijibu. Siku moja nikachapa kipande cha barua yako, bila jina lako, nimekuita Mama B wa Kibosho. Gladness, watu wamekupenda. Wanaandika kutoka Mwanza, Songea, hata waliohamia Uingereza. Kuna mama mmoja amesema akisoma habari za mama mkwe wako anasikia harufu ya moshi wa jikoni kwao. Mtu akishasoma anawapelekea marafiki zake kule Facebook, nao wanakuja.

Zamani wateja wetu walilipia redio na magazeti tu. Sasa wanatuuliza: tukimlipa mtu wa blogu aitaje bidhaa yetu, itauzika? Bosi wangu anataka jibu kabla ya mwaka kuisha, na jibu hilo natakiwa nilitoe mimi. Likiwa baya, sijui kama dawati hili litakuwa langu.

Kwa basi la Jumatano nimewatumia nguo za Blessing na pakiti mbili za kitu kinaitwa Mtori Dakika. Ni unga wa ndizi, unakoroga na maji ya moto. Ungeweza kuujaribu? Nauliza tu.

Mbusu Blessing kwenye kisigino. Endelea kuandika, usifupishe.

Dada yako,
Monica


Kibosho, 27 Septemba 2009

Dada Monica, shikamoo.

Blessing amejua kugeuka. Nilimlaza chali, nikaenda kuchukua kanga kwenye kamba, narudi namkuta kifudifudi anaushangaa mkeka. Primus amekosa siku hiyo, mpaka leo hataki kuamini, anasema nilimgeuza mimi.

Nguo zimefika, zile soksi za nyota zimemtosha. Pakiti nazo zimefika. Tuliziweka juu ya kabati, hatujazifungua.

Nilitaka kukupigia nikaona nitalia na vocha iishe. Sasa naandika.

Alhamisi jumuiya ilisali hapa kwetu. Tumemaliza rozari, Mama mkwe anagawa chai, yule Martha mpwa wake akasema mbele ya kina mama wote, "Shangazi Anyesi, kumbe siku hizi uzazi wa kwako ni wa pakiti?" Watu wakacheka, walidhani utani. Martha akatoa karatasi kwenye mkoba. Mume wake ni Filemon, yule anayetunza kompyuta za intaneti kule mjini, ndiye aliyeichapa. Akasoma. Ilikuwa barua yangu, dada. Panga alfajiri, mafuta mikononi, kigoda, mbuzi mabegani. Nikaanza kufurahi kusikia maneno yangu yanasomwa kama ya gazetini. Halafu likaja hili: "Na siku Mama mkwe anapochoka, tunakoroga Mtori Dakika, na ladha ni ile ile."

Hayo sikuandika mimi.

Mama alimaliza kugawa chai, hata sukari aliuliza kila mtu vijiko vingapi. Wenzake wakaanza kumtania, "Anyesi umechoka, Anyesi pumzika, tukukorogee." Mwanamke wa huku kuambiwa mbele ya watu kwamba amemlisha mzazi kitu cha kukoroga, hata mimi niliyesoma la saba tu najua uzito wake. Na wanajua barua ni yangu, maana Kibosho hii mbuzi wa kuvushwa mto ni mmoja tu.

Nilimwambia siku hiyo hiyo kwamba sentensi ile si yangu. Akasema sawa. Lakini mtori sasa anauleta, anaweka bakuli juu ya meza, anatoka. Hakai. Nakula peke yangu, naangalia kigoda.

Na amemwambia Padri kwamba msimamizi wa mtoto hajajulikana bado. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Dada, niambie nani aliandika ile sentensi. Najua, lakini niambie.

Gladness


Dar es Salaam, 18 Oktoba 2009

Gladness mdogo wangu,

Hongera kwa Blessing kugeuka. Mwambie shemeji kukosa siku moja si dhambi, yatakuja mengine.

Niliandika mimi.

Mwenye unga alisoma ile barua yako akampigia bosi, akasema hii hii, weka jina letu hapo katikati, msomaji hata hatagundua. Nilijiambia ni sentensi moja. Nilijiambia Kibosho hakuna anayesoma blogu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Na unajua kilichotokea? Hakuna. Maduka yaliyopewa unga yanasema pakiti zimekaa pale pale. Wasomaji waliokuwa wanajaza ukurasa wakanyamaza. Mama mmoja wa Tukuyu aliandika hivi: "Hapo kwenye pakiti si Mama B anayesema. Mama B hana haraka." Nimeisoma mara nyingi sentensi hiyo kuliko taarifa yoyote ya ofisini. Sentensi ile nimeifuta, ila karatasi ya Martha siwezi kuifuta.

Nimefanya jambo moja. Nimekumbuka nyumbani mtu akikosa anachukua jani la isale, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea. Wauza maua wa barabarani hapa wanayo masale, wameyapanda kwenye ndoo kama pambo. Nililifunga fundo nikalipiga picha, nikaiweka kwenye blogu, na chini yake nimeandika: "Kwa Mama wa Kibosho, nimekosa." Mwombe Filemon amchapie Mama aione. Basi akiiona atajua.

Habari za Krismasi tutazungumza.

Monica


Kibosho, 8 Novemba 2009

Dada Monica, shikamoo.

Blessing ana kicheko cha sauti sasa. Kuku alipita mlangoni, mtoto akaangua kicheko mpaka akapata kwikwi. Tangu hapo tunamwekea kuku makusudi. Kahawa tumevuna, migongo inauma, Primus alichukua siku mbili akasaidia kukoboa.

Filemon alileta jani lako Jumapili baada ya misa, kwenye karatasi, rangi yenyewe imetoka bluu. Mama aliligeuza juu chini. Akaangalia nyuma ya karatasi kama kuna kingine. Kisha akacheka, dada, mara ya kwanza tangu ile Alhamisi, alicheka akashika mlango. Akasema, "Uzio wangu wote ni masale, na yeye ananipigia picha la kwenye ndoo."

Nikaona ndiyo nafasi, nikamwambia basi Mama umsamehe, jani si ameshatoa? Akaacha kucheka. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Akinijia na jani mkononi siwezi kumkataa, hilo analijua. Ndiyo maana nasubiri alilete."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia siku ya soko.

Halafu kuna hili. Jioni yake alipanda juu ya kigoda akashusha pakiti moja. Akachemsha maji, akakoroga, akaonja, akaninyooshea kijiko na mimi. Tukatazamana. Nikangoja aumwage. Hakuumwaga. Akasema, "Huu si mtori. Lakini kwa mzazi ambaye mama yake yuko mbali, ni afadhali kuliko chai." Akamalizia kikombe chote, akaosha. Na aliponiletea bakuli langu asubuhi alichelewa kidogo kutoka, akauliza kama huko Dar wapo wanaojifungua bila mtu wa kuwapikia. Nikasema wapo wengi. Akasema maskini, akatoka.

Hilo nimekuandikia wewe, sikukuandikia ukalitie kwenye kompyuta. Ukilitaka, mwombe mwenyewe.

Dada, wewe unaogopa kupanda huku Krismasi, na si kwa sababu ya kazi. Unaogopa wajomba watakuuliza mume yuko wapi. Waulize na wewe wake zao wako wapi saa ile wao wanakunywa mbege. Watanyamaza.

Gladness


Dar es Salaam, 29 Novemba 2009

Mdogo wangu,

Nimesoma mpaka mwisho nikacheka peke yangu kwenye foleni ya benki. La wajomba sitalijibu.

Sikiliza kituko. Ile picha ya jani imeleta majibu. Wasomaji wa huko kusini na pwani hawajui isale. Wanauliza jani hilo linaongeza maziwa? Linachemshwa na nini? Linapatikana duka gani? Mwenye unga amelipia sentensi, hakuuza. Mimi nimeweka jani lisilouzwa na kila mtu anataka kulinunua. Bosi akaniita kuniuliza kama tunaweza kupata mzigo wa majani. Ilibidi nimweleze ni msamaha, haupimwi kwa kilo. Akasema huenda na sisi tungeanzia hapo, kwenye kuomba radhi.

Basi naomba, safari hii naomba kweli. Msomee Mama barua hii. Naomba niandike maneno yake ya kikombe kile kama yalivyo, na "Huu si mtori" yawemo. Juu kabisa nitaandika kwamba mwenye unga amelipia ukurasa huo. Mwenye unga hapendi, bosi amemwambia ni hivyo au basi. Mama akikataa, nitaacha, na dawati watampa mwingine. Sitalia sana.

Kuhusu kupanda, likizo zimefutwa ofisi nzima mpaka matokeo yaonekane. Usinisubiri.

Monica


Kibosho, 23 Desemba 2009

Dada Monica, shikamoo.

Blessing sasa hivi amekaa. Amekaa mwenyewe, bila mto, kama mwenyekiti wa kikao, halafu akaanguka pembeni polepole huku ananiangalia kama mimi ndiye niliyeisogeza dunia. Nimemkalisha tena. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko mgongoni mwake.

Najua barua hii itakukuta sherehe zimepita. Naandika tu, nyumba imejaa watu wa Krismasi na wewe ndiye uliyekosekana.

Ile siku nilipomsomea Mama ombi lako alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nisome tena pale pa dawati. Kisha akamwita Primus alete simu, akamtajia ujumbe wa kukutumia, neno kwa neno: ANDIKA. USIONGEZE CHUMVI. Primus alitaka kuweka salamu, akakatazwa. Nadhani ulishangaa.

Sasa habari ya huku. Filemon ameuleta ukurasa, safari hii jumuiya ilikuwa kwa Martha. Akasoma Martha mwenyewe. Pale juu palipoandikwa kwamba mwenye unga amelipia na mama mkwe hajapewa hata pakiti ya chumvi, kina mama walipiga makofi. Akasoma "Huu si mtori," wakapiga tena. Akasoma na majibu. Yule wa Tukuyu amerudi. Kuna msichana wa Kinondoni amejifungua mwezi uliopita, mama yake yuko Sumbawanga, anasema alinunua kwa sababu aliambiwa ukweli kwamba si mtori, na sasa kila asubuhi anakunywa na kusema afadhali kuliko chai. Filemon anasema hata duka la pale mjini Moshi mzigo umekwisha, wameagiza mwingine. Mimi mambo ya biashara yenu siyajui, lakini naona watu hawakukataa unga. Walikataa kudanganywa kwa sauti ya mtu wanayempenda.

Mama anajifanya hajali. Lakini amemuuliza Filemon kama yule msichana wa Kinondoni amejibiwa, na kama hajajibiwa aandikiwe aweke maziwa kidogo na siagi, itasaidia.

Na dada, amerudi kwenye kigoda. Siku ya tatu leo. Uzazi wenyewe ulishaisha, natoka, nachota maji, lakini bado asubuhi analeta bakuli moja na anakaa. Jana amenisimulia tena ya mbuzi. Safari hii mto umekuwa mpana zaidi.

Limebaki moja tu. Padri alikuja kuandika majina ya wasimamizi. Mama akamtajia Martha. Padri akashika kalamu ya wino, Mama akamwambia, "Huyo mwandike kwa penseli." Padri akauliza kwa nini. Akasema kuna mtu anasubiriwa, ofisini kwao wamemfungia likizo, lakini ni wa ukoo wa watu wasiosahau njia. Nikatoka nje nikajifanya naita kuku.

Kwa hiyo kama hutakuja sitakununia, nataka tu ujue nafasi yako imeshikwa kwa

ngoja kidogo, Mama ananiita kutoka nje. Anasema, "Gladness, njoo na mtoto, na uongeze ndizi sufuriani." Nachungulia dirishani, kuna mtu amesimama pale kwenye uzio, hataki kuingia mpaka apokelewe, begi liko chini, viatu vya mjini vimejaa tope, amevunja jani la isale hapo hapo kwenye uzio wetu na sasa analifunga